Misiba tusiyoimaliza

Niliona turubai kabla sijaiona nyumba. Bodaboda alikuwa anapandisha kona ya mwisho kule Kibosho, matope ya Aprili yanaruka mpaka magotini, mimi nyuma nimelikumbatia begi la dawa. Turubai la bluu, viti vya plastiki vimepangwa kando ya migomba, sufuria kubwa juu ya mafiga. Kijana akapunguza mwendo, akageuza shingo. "Dokta, huku pana msiba." Sikumjibu. Nilishaelewa kwamba mgonjwa niliyekuja kumwona hayupo tena.

Sasa naandika kitu ambacho kwa muda mrefu sikumwambia hata mke wangu. Wazo la kwanza lililonijia pale halikuwa pole wala "raha ya milele umpe ee Bwana". Lilikuwa hili: leo nitafika nyumbani mapema. Wagonjwa wanne wa siku hiyo wamekuwa watatu. Saa tisa nitakuwa Pasua, nimevua viatu.

Wazo la pili lilikuwa baya zaidi. Usiku wa kuamkia juzi simu yangu iliita, saa saba na dakika kumi. Niliiona. Niliona na jina, nilikuwa nimelihifadhi "Mke wa Meku Kibosho". Nikaigeuza kifudifudi juu ya stuli, nikakodolea macho dari mpaka ikanyamaza.

Mimi ni muuguzi. Kwa kuwa ni mwanaume wagonjwa wote wananiita dokta, na niliacha kuwasahihisha tangu mwaka wa pili wa kazi. Kitengo changu ni tiba shufaa: tunawahudumia watu wenye magonjwa ambayo hospitali haina tena cha kuyafanya, saratani hasa, na kazi yetu ni kuwaondolea maumivu na kukaa na familia mpaka mwisho, mara nyingi kule kule nyumbani kwao. Huku Kilimanjaro saratani ya koo la chakula tunaiona sana. Meku alikuwa nayo. Alianza kwa kushindwa ndizi, akahamia kwenye mtori, mtori ukawa uji, uji ukawa maji ya kijiko. Mke wake nilimfundisha mwenyewe kutoa morfini ya maji: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, halafu ile ya saa nne usiku mara mbili ya kawaida ili wote wawili wapate kulala. Na dawa ya kulainisha choo kila siku bila kukosa, maana morfini inafunga. Alikuwa anavuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, analiinua dirishani kwenye mwanga, anafumba jicho moja kama fundi saa. Hakukosea hata mstari mmoja kwa miezi minne.

Na simu yake ndiyo niliyoigeuza.

Nikikumbuka nyuma, mambo yalianza kama miezi minane kabla ya turubai lile. Wagonjwa walipoteza majina. Kitengoni tulisema "ini la Uru", "titi la Majengo", "koo la Kibosho", na tulicheka, na ukiniuliza wakati ule ningekwambia ni njia ya kurahisisha mawasiliano. Fomu zangu zilijazwa vizuri kuliko wakati wowote. Maumivu, sifuri mpaka kumi, nimeandika. Choo, nimeandika. Jioni nilipanda daladala ya Pasua nikapitiliza kituo, si mara moja, nikashushwa mwisho wa njia na konda akiniuliza kama nimelewa. Chakula nilikula. Usingizi ulikuja saa nane, ukaondoka saa kumi. Mke wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniambia siku moja akikunja nguo, bila hata kunitazama: "Siku hizi unaleta mwili tu. Mwenyewe unabaki huko huko."

Kiswahili bado hakijakubaliana neno moja la hali hii, ambayo Waingereza wanaiita burnout. Wengine wanasema uchovu wa kazi, lakini uchovu wa kazi anao hata mtu aliyelima siku nzima, akioga na kulala anaamka mzima. Bibi zetu wangesema roho imechoka, na nadhani wao ndio wako karibu zaidi. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea kwenye kliniki ya bure New York, aliandika juu ya wahudumu wenzake walioanza kazi na moto mkubwa wakaishia kama nyumba iliyoungua ndani, kuta zimesimama. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wakatoa dodoso la kuipima, na waligusa mambo matatu: hisia kukuishia, kuanza kumwona unayemhudumia kama kitu, na kuona kwamba unachofanya hakina maana. Nilipoyasoma nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya duka la dawa, na hilo la pili lilinifanya nifunge simu. Koo la Kibosho.

Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019, liliieleza kuwa ni hali inayotokana na kazi, si ugonjwa, na kwamba huletwa na msongo wa muda mrefu kazini ambao haujadhibitiwa vizuri. Isome tena sentensi hiyo. Haisemi ni nani alitakiwa kuudhibiti. Ugomvi wangu uko hapo.

Maana tuliitiwa semina. Sitasema wapi, ila palikuwa na sambusa. Mwezeshaji, dada mpole na projekta yake, alituambia tunywe maji ya kutosha, tutembee nusu saa kila siku, tujifunze kusema hapana. Mimi natembea nusu saa kupanda kwa mgonjwa mmoja tu bodaboda likikwama. Na hapana ningemwambia nani? Mama anayenipigia kwamba mume wake anapumua vibaya? Pembeni yangu alikaa nesi wa wodini aliyetoka zamu ya usiku asubuhi ile, semina ilikuwa imewekwa siku yake ya ofu. Alilala kinywa wazi kuanzia utambulisho mpaka neno la shukrani. Kwa maoni yangu yeye ndiye aliyefaidika kuliko sisi sote.

Sisemi maji ni mabaya. Nasema ukimwambia mtu aliyebeba gunia kwamba ajifunze kupumua vizuri, na gunia hujaligusa, utakuwa umempa kazi nyingine.

Aliyeligusa gunia langu ni mama mmoja wa kitengo chetu, tunamwita Bibi, amebakiza muda mfupi astaafu. Nilirudi kutoka Kibosho siku ile nikaanza kupanga chupa kabatini kama kawaida. Akaniuliza Meku anaendeleaje. Nikasema amefariki juzi. Akauliza, "Umeshika nini baada ya hapo?" Nikamwambia nimeenda kwa mgonjwa wa Uru. Akavuta kiti.

"Mwanangu, mwaka huu umemaliza misiba mingapi?"

Nikadhani anauliza nimehudhuria mingapi. Hapana, alisema, umemaliza.

Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa, lakini kwa walio mbali: huku mlimani mtu wetu akizikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, watu hawatawanyiki hivi hivi. Wanakaa. Wanapika, wanalala sebuleni miguu imepishana, wanamsema marehemu mazuri na hata vituko vyake. Halafu inafika siku ya kumaliza msiba. Wengine wananyoa nywele. Madeni yanatajwa, watoto wanakabidhiwa kwa mtu, turubai linashushwa, viti vinarudishwa vilikokodiwa. Watu wa pwani wanasema kuanua matanga. Lazima awepo mtu mzima wa kusimama na kusema kwa sauti kwamba sasa imetosha, mkaendelee na kazi zenu. Asipokuwepo, familia inabaki na turubai mpaka mvua ilioze.

"Sasa wewe," Bibi akaniambia, "unaingia kwenye kila nyumba wakati wa kilio, unatoka kabla ya siku ya kunyoa. Nani amewahi kukwambia wewe imetosha?"

Nilifungua rejesta baadaye, peke yangu. Kwa miezi kumi na sita, watu 43. Arobaini na tatu ambao nilijua uzito wao, dozi yao, jina la mtu wa kupigiwa. Nilikuwa natembea mjini Moshi, napita mnara wa saa, nanunua nyanya Mbuyuni, na maturubai 43 kichwani.

Bibi alikuwa na kaunta buku, la kawaida kabisa, la jalada gumu. Tangu zamani anaandika mstari mmoja kwa kila mgonjwa aliyeondoka: jina, na kitu kimoja ambacho si ugonjwa. "Alipiga mluzi nyimbo za kwaya." "Kila nikifika ananiuliza kama nimekula." "Alimwogopa jogoo wake mwenyewe." Aliliandika peke yake miaka yote. Siku ile ndiyo alianza kutushirikisha.

Ijumaa saa nane na nusu tunafunga mlango. Watu watano, siku nyingine sita, dereva wetu akiwepo naye anaingia, maana naye anawajua. Chai ya tangawizi. Majina ya wiki yanasomwa, kila mmoja na mstari wake. Mwenye la kusema anasema. Asiye nalo anakunywa chai. Hakuna ushauri, hilo Bibi alilipiga marufuku mapema, pale mwenzetu mmoja alipoanza kutuhubiria. Mwishoni Bibi anafunga daftari: "Haya. Imetosha. Turubai lishuke." Dakika ishirini, ikizidi sana nusu saa.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba London, kwenye miaka ya 1950, daktari mmoja aitwaye Michael Balint alikuwa anawakusanya madaktari wa kawaida wakae wazungumzie wagonjwa wanaowasumbua rohoni, na kwamba vikundi vya namna hiyo vipo mpaka leo. Nikamwambia Bibi. Akauliza kama huyo Balint naye alikuwa na chai.

Ijumaa ya kwanza iliniumbua. Nilitakiwa niandike wangu wa nyuma, na zaidi ya nusu yao sikuwa na kitu cha kuandika. Nilikumbuka miligramu. Mgonjwa mmoja nilikaa pembeni ya kitanda chake mara tisa, na sikujua alikuwa anafanya kazi gani alipokuwa mzima. Nikafika kwa Meku, kalamu ikasimama, kisha nikatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa mabuti yake. Mwezi wa tatu aliviona viatu vyangu vinaingiza maji, akamwambia mke wake kwa sauti ile ya kukwaruza iliyobaki, "Mpe yale ya kwangu, mimi siendi tena shambani." Nilikuwa nayavaa kila siku na nilishasahau yametoka wapi. Kwenye daftari niliandika: "Alinipa mabuti. Namba arobaini na mbili, yananitosha kabisa." Halafu nililia, mbele za watu, chai mkononi. Dereva akainuka akafunga dirisha.

Kingine kilichobadilika ni simu, na hapa sikupata busara ya mtu, nilipata aibu tu. Namba yangu binafsi ilikuwa kwa wagonjwa wote. Niliitoa kwa moyo safi, nikajiona mwema. Ila mtu mmoja kushika simu ya watu thelathini usiku na mchana, ipo siku ataigeuza kifudifudi, na siku hiyo haichagui mgonjwa. Tukachanga, tukanunua kitochi kimoja chenye laini ya kitengo. Anayekuwa zamu anacho, wiki moja, Jumatatu asubuhi anakikabidhi na kusema nani yuko katika hali gani. Wiki isiyo yako huna kitochi. Mwanzoni utawala ulisema hakuna fungu. Vocha tulijinunulia kama nusu mwaka ndipo zikaingizwa kwenye bajeti. Familia kadhaa zililalamika, zilizoea sauti yangu. Ilinibidi nipite nyumba kwa nyumba nieleze kwamba atakayepokea atakuwa macho, na hilo ni bora kuliko mimi niliyelala. Wiki ya kwanza bila simu niliamka saa saba kila usiku, naipapasa stuli. Ilichukua kama mwezi.

Likizo nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kwa mwaka, saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa 12 za mapumziko kati ya siku ya kazi na nyingine. Sikuwa nimechukua likizo miaka miwili. Hakuna aliyeninyima kwa maandishi. Niliambiwa tu "subiri kidogo, tuko wachache", na nikajisikia fahari kwamba nahitajika. Fahari ile ndiyo ilinikaanga. Nilipokwenda hatimaye, Rombo kwa mama yangu, kitengo hakikufungwa. Wagonjwa wawili walifariki bila mimi, vizuri, bila maumivu, na lazima niseme hilo liliniuma kidogo.

Desemba ndiyo huwezi kuomba. Wanaojua wanajua. Watoto wote wanapanda kutoka Dar, barabara inajaa magari, na kila aliyekuwa anatuma hela kwa simu anafika anamkuta baba amebaki mifupa. Hapo muuguzi anaitwa ukumbini. Kwa nini hajapelekwa India? Hiyo morfini si ndiyo inayommaliza? Nani aliruhusu? Zamani nilikuwa najibu kwa ukali, nikitoka natetemeka. Siku hizi wakati wa Desemba tunakwenda wawili wawili. Mmoja anamhudumia mgonjwa, mwingine anakaa na kaka mkubwa nje, chini ya mti wa parachichi, anamwacha aseme mpaka aishiwe. Hasira ya mtu aliyechelewa haikuhusu wewe, ila ukiibeba mwenyewe utadhani inakuhusu.

Hata madaktari wenyewe hawakuliona hili mapema. Tamko la Geneva, kile kiapo cha Chama cha Madaktari Duniani, lilianza mwaka 1948. Mwaka 2017, kwenye mkutano wa Chicago, ndipo likaongezwa neno kwamba daktari atatunza pia afya na ustawi wake mwenyewe ili aweze kutoa huduma bora. Miaka 69 kukumbuka kwamba anayeapa naye ni mtu.

Na niseme jingine, maana nimeona mwenzangu mmoja karibu tumpoteze: ukifika pahali hata likizoni hulali, huli, na unawaza bora usingekuwepo, usisubiri Ijumaa wala daftari. Huko ni kwa daktari wa afya ya akili, na uende na mtu unayemwamini. Tulimpeleka. Yuko kazini.

Nilirudi Kibosho mwezi wa sita, ukungu umeshuka mpaka barabarani. Njiani niliomba jani la isale, lile ambalo sisi Wachaga tunaombea msamaha, kwenye uzio wa mtu. Mimi ni wa Rombo, sihitaji kufundishwa isale ni ya nini. Nilimkuta mama anachambua maharage barazani, nikamwamkia, shikamoo, akaitika. Sikukaa. Nikampa jani kwa mikono miwili, nikamwambia usiku ule simu niliiona.

Alilishika muda mrefu. "Nilijua," akasema. "Iliita mpaka mwisho. Ya mtu aliyelala huwa nadhani inaita vingine." Sijui aliitoa wapi imani hiyo. Akaniambia Meku hakuhangaika, dozi ya saa nne usiku alimpa, alitaka tu kuniuliza kama aongeze ya saa nane, maana alikuwa anaguna. Akampa nusu. Nikamwambia ndicho nilichokuwa nimwambie.

Akalichomeka jani kwenye mbao za mlango, juu, akaingia ndani. Akarudi na chupa ya morfini imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, imebaki kama robo, na bomba lake limeoshwa. Alijua inatakiwa irudishwe. Nikatoa fomu, nikapima kwenye mwanga, nikaandika kiasi, tukasaini wote wawili. Kisha akatazama mabuti.

"Yanavuja?"

"Hapana, mama."

"Ingia ule."